Kabla ya Kuhubiri Likasi, Uliza

Likasi haina upungufu wa wahubiri. Pita Kikula siku za juma jioni, au shuka Panda Jumapili asubuhi, utasikia vipaza sauti vya makanisa jirani vikigombania anga moja. Wakatoliki wako hapa tangu mji ukiitwa Jadotville. Wamethodisti wana Mulungwishi, kituo chao kikubwa kisicho mbali na mji, ambako leo kuna chuo kikuu. Wapo Wapentekoste, Wakimbangu, Mashahidi wa Yehova, na makanisa ya uamsho yanayozaliwa kila mwaka katika vyumba vya kupanga. Kijana wa miaka 19 anayeshuka kwenye basi kutoka Lubumbashi, shati jeupe, tai shingoni na kibao cheusi kifuani, asitegemee kusikilizwa kwa sababu tu amebeba neno la Mungu. Neno la Mungu watu wa Likasi wanalo, na wengi wanalijua vizuri kumshinda.

Nawaandikia ninyi, wamisionari vijana wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao mjini wengi bado wanawaita Wamormoni, ingawa tangu mwaka 2018 Kanisa limeomba liitwe kwa jina lake kamili. Nawaandikia pia vijana wa hapa hapa Katanga wanaojiandaa kutumwa kwingine, maana nitakayoyasema yatawafaa hata wakipelekwa Abidjan au Antananarivo. Mimi ni muumini mwenzenu. Nimewakaribisha wengi wenu mezani, nimewasikia mkipanga juma lenu, na nimewaona mkirudi jioni na vumbi jekundu hadi magotini, mkijiuliza ni ubunifu gani mwingine mtumie ili mlango ufunguliwe.

Jibu langu ni moja, nalo si hila mpya ya kuvutia watu. Ubunifu wa mmisionari unaanza na kuuliza. Ukiuliza vizuri, mtu mwenyewe atakuonyesha mahali ambapo imani yako inahitajika nyumbani kwake, na hapo hutakosa njia ya kusema.

Hili si wazo langu la jana. Katanga ilishawahi kulishuhudia. Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933. Kwa miaka mingi alifundisha kama bwana mwenye majibu, na alikiri mwenyewe kwamba njia ile haikufika popote. Ndipo alipogeuka, akaanza kuwauliza watu wanataka nini maishani, wanaogopa nini, wanatamani kuwa nani. Watu wakamjibu: uzima, uzazi, mapendo. Mwaka 1945 alichapisha kitabu chake kuhusu falsafa ya Kibantu kilichosomwa duniani kote, na mwanzoni mwa miaka ya 1950, huko Kolwezi, yeye na wafanyakazi wa mgodi na wake zao walianzisha Jamaa, vuguvugu la waumini lililoenea katika kambi za wachimbaji Katanga nzima, likifundisha kwa Kiswahili, mume na mke wakiwa pamoja. Mimi si Mkatoliki, na Jamaa baadaye ilizua mabishano ndani ya kanisa lake. Lakini kila ninapomwona mmisionari akimaliza somo zima bila kumuuliza mwenye nyumba swali hata moja, namkumbuka Tempels. Yale matatu aliyoyasikia bado ndiyo watu wa Likasi wanayoyataka. Kanisa letu lina mengi ya kusema juu ya uzima usiokoma, juu ya watoto, juu ya mapendo ya mume na mke yasiyokatwa na kifo. Kwa nini basi tuanze na jambo ambalo mtu hakuliuliza?

Muulize nini? Usimuulize kama anamjua Yesu. Hilo Likasi ni karibu na tusi. Usimuulize kama ana dakika tano, kwa sababu atakuambia anazo ili asikuvunjie heshima, kisha atakaa akisubiri zipite. Muulize kuhusu maisha yake, tena swali ambalo ni yeye peke yake anayeweza kulijibu.

Chukua mzee aliyeketi kwenye kiti chake mbele ya nyumba za zamani za kampuni, kule Panda au Shituru. Wewe unaona mzee asiye na shughuli. Ukweli ni kwamba huenda yuko miongoni mwa watu waliojenga mji. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na baada ya kutaifishwa ikawa Gécamines. Kampuni ile iliwapa wafanyakazi wake nyumba, unga, shule ya watoto, hospitali ya mama mjamzito. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameandika kuhusu watu hawa, na picha inayotoka katika kazi yake ni ya watoto walioachwa na baba yao, maana kampuni ilikuwa kwao baba na mama. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, uporaji ukafuata mwaka 1991, mishahara ikawa haitoki kwa miezi. Mwaka 2003 wafanyakazi 10,655 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari, kila mmoja na malipo yake ya mara moja. Wengine walifungua duka likafa, wengine walinunua gari likaharibika, wengine walilipa madeni na karo, fedha zikaisha.

Keti karibu na mzee huyo, ukikaribishwa. Mwite baba. Muulize alifanya kazi kitengo gani, alianza mwaka gani, nani alimfundisha. Muulize siku moja aliyojivunia kazi yake. Atakuambia mengi ambayo huenda hata wajukuu wake hawajawahi kuyasikia. Usikimbilie kumwambia kwamba yupo Baba wa Mbinguni asiyeacha watoto wake. Ni kweli, na utalisema, lakini si siku ya kwanza, na lisitoke mdomoni mwako kama kibandiko cha kuziba jeraha ambalo hujaliona. Rudi. Siku ya pili au ya tatu yeye mwenyewe atakuuliza: na wewe, mwanangu, kwa nini umeacha masomo yako kuja kutembea huku? Hapo umeulizwa. Sema.

Nimelikalia jambo la mzee wa Gécamines kwa sababu naamini ndiko kazi kubwa iliko Likasi, na ndiko vijana wengi hawaendi. Mnawakimbilia vijana wenzenu kwa kuwa mnaelewana upesi. Wazee wana muda, wana nyumba, wana neno katika ukoo. Mzee akikuamini, mlango wa lupango zima, yaani ua lote, umefunguka.

Kutoka kwa hadithi ya kazi hadi hadithi ya ukoo ni hatua fupi, na hapa Kanisa letu lina kitu ambacho makanisa mengine ya mjini hayana. Tunaamini kwamba wafu wetu hawajapotea, kwamba familia inaweza kuunganishwa hekaluni kizazi hadi kizazi. FamilySearch, taasisi ya Kanisa ya historia ya familia, imekuwa ikikusanya nasaba za mdomo katika nchi nyingi za Afrika, Kongo ikiwemo, kwa kwenda kwa wazee na kurekodi majina wanayoyashika kichwani. Watu wa Katanga wanaelewa uzito wa jambo hili bila kuhubiriwa. Waluba walikuwa na lukasa, ubao uliopambwa kwa shanga na kauri, ambao wakuu wa chama cha Mbudye waliupapasa kwa vidole wakisimulia wafalme, safari na koo. Nenda basi na karatasi na kalamu. Mwombe mama mwenye nyumba ataje bibi yake, na bibi wa bibi yake, na kijiji walikotoka kabla ya mgodi kuwaleta mjini. Watoto wawepo, waandike wao wenyewe. Wengi watasikia majina hayo kwa mara ya kwanza. Ukiondoka, karatasi ibaki nyumbani, wewe piga picha tu kama umeruhusiwa. Wala usiseme chochote kuhusu ubatizo kwa ajili ya wafu jioni hiyo. Jambo hilo ni zuri, lakini likifika kabla ya wakati wake linatisha, na katika mji ambapo watu wana hofu ya kweli kuhusu uchawi na vyama vya siri, tamko moja lisiloeleweka linaweza kukufungia mtaa mzima.

Sasa lugha. Wengi mnatoka Kinshasa, Kasai, au nchi nyingine zinazosema Kifaransa, na mnadhani Kifaransa kitatosha. Kitatosha shuleni na ofisini. Sokoni na kwenye kilio hakitatosha. Lingala nayo iwekeni akiba: masikioni mwa wazee wengi wa Katanga ni lugha ya askari, na askari hawakuacha kumbukumbu nzuri. Jifunzeni Kiswahili cha Likasi, hiki kinachosemwa barabarani, wala msione haya kukosea. Mtu akikurekebisha, amekwisha kuwa mwalimu wako, na mwalimu humpenda mwanafunzi wake. Kitabu cha Mormoni kinapatikana kwa Kiswahili tangu mwaka 2000, lakini Kiswahili chake ni sanifu, cha vitabu. Ninachoshauri ni hiki: soma mistari mitatu au minne polepole, kisha mwombe mwenye nyumba awasimulie watoto wake alichosikia, kwa maneno yake. Utajua papo hapo kimefika nini na kimepotea nini. Na mara nyingi atakisimulia vizuri zaidi yako.

Katika lugha kuna jambo jingine zito. Mwaka 1992 na 1993 familia nyingi za asili ya Kasai zilifukuzwa Katanga. Stesheni ya treni ya Likasi ilijaa watu waliolala nje kwa wiki na miezi wakisubiri mabehewa, na wengi walifia pale. Waliofukuzwa na waliofukuza wanaishi leo katika mtaa mmoja, na baadhi wanakaa benchi moja kanisani. Mmisionari kutoka Mbuji-Mayi, kule Kasai, anapotembea Likasi na mwenzi wake Msanga au Mluba wa Katanga, watu wanaona, hata wasiposema. Msihubiri upatanisho, vijana waliozaliwa baada ya yale hawana haki ya kuwafundisha waliolala stesheni. Kuleni sahani moja. Mwenzi wako akisalimu kwa Tshiluba, wewe mwitikie. Mkitukanwa, msijibu. Nadhani hakuna mahubiri yanayosikika mbali kuliko hayo katika mji huu, na hayahitaji ruhusa ya mtu.

Kuhusu sanaa nitasema kwa furaha, kwa sababu Likasi ni mji wa sanaa ingawa unajulikana kwa shaba. Ni hapa, wakati ukiitwa Jadotville, ambapo mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Mwenda Jean Bosco na gitaa lake, akamrekodi, na vidole vya kijana yule wa Bunkeya vikasikika Afrika Mashariki nzima na hadi Ulaya. Alikuwa akiimba kwa Kiswahili mambo ya kila siku ya mji. Katanga ndiko kwenye karindula, lile banjo kubwa la pipa na ngozi ya mbuzi. Lubumbashi ndiko kwa kundi la Mufwankolo, walioigiza maisha ya mjini kwa Kiswahili hadi kila nyumba ikawajua. Katika mkutano wa sakramenti tunaimba nyimbo za kitabu kwa utulivu, na hilo liheshimiwe. Lakini jioni ya vijana, au shughuli ya kata, yaani usharika wetu, uwanjani, ni mahali pa igizo na gitaa. Chukueni mfano wa mwana mpotevu, muuweke Kikula. Baba ana duka la unga, mwana anadai sehemu yake, anakwenda kuchimba na marafiki, fedha zinakwisha katika baa. Waigizaji wawe vijana wa kata na jirani zao wa makanisa mengine. Acheni igizo liishie pale baba anapokimbia barabarani. Halafu wakaribisheni watazamaji waseme: yule kaka mkubwa aliyebaki nyumbani, ana haki ya kukasirika au hana? Mtakaa hadi giza liingie, na hamtahitaji mhubiri.

Picha nazo msizisahau. Katika miji ya Katanga, sebule nyingi zilikuwa na mchoro ukutani: mamba muntu mwenye mkia wa samaki, au mandhari ya ukoloni na viboko vyake, au Lumumba. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia nzima ya nchi katika michoro karibu mia moja, mwaka 1973 na 1974, na kila mchoro aliueleza kwa mdomo. Michoro ile ilitengenezwa ili watu waizungumzie. Kwa hiyo ukiingia nyumba yenye picha ukutani, iulizie. Na wewe beba yako, picha moja tu ya maisha ya Yesu, iliyochapishwa kwenye karatasi ngumu. Iweke mezani bila maelezo na umwombe mtoto aseme anaona nini. Watoto huona vitu ambavyo sisi tumeacha kuviona: mtu wa nyuma aliyegeuka, mkono uliojificha. Anzia hapo.

Kilio ni mahali ambapo wamisionari wengi hupotea. Mtu akifa, lupango linajaa, wanawake wanakaa chini, wanaume wanakaa kwenye viti vya kukodi, moto unawaka usiku kucha. Nenda hata kama marehemu hakuwa wa kanisa lenu. Salimu wafiwa kwa zamu, kwa sauti ya chini. Kisha tafuta kazi: maji ya kubeba, makaa ya kununua, viti vya kupanga, wazee wa kusindikizwa. Usihubiri mpango wa wokovu mbele ya maiti ya mtu. Kama utaombwa kusali, sali kwa ufupi na utaje jina la marehemu. Rudi baada ya wiki kadhaa, wakati wageni wameshatawanyika na mjane amebaki na ukimya wa nyumba. Wakati huo ndio wa kuuliza habari za marehemu, alikuwa mtu wa namna gani, alicheka vipi. Tunayoyaamini juu ya ufufuo na familia ya milele yatasikika hapo kwa uzito wake wote, na utayasema ukiwa unalia pamoja naye, si ukimfundisha.

Chakula kula. Bukari (ugali) na sombe (majani ya muhogo) na samaki wadogo waliokaushwa ni sadaka ya mtu ambaye huenda hatakula usiku huo, na kukataa ni kumdhalilisha. Kula kidogo na usifu. Kuhusu kinywaji, Neno la Hekima, sheria yetu ya afya, linawazuia pombe, kahawa na chai, na hapa mtapewa bia ya Simba, pombe kali ya lutuku, na munkoyo uliochacha. Kataeni kwa upole, mkiomba maji kabla kinywaji hakijafunguliwa, ili mwenye nyumba asipate hasara. Msigeuze kukataa kwenu kuwa hotuba juu ya ulevi. Mke wa mlevi amekwisha kuona, na atawauliza mwenyewe siku nyingine, mumewe asipokuwapo au, afadhali zaidi, akiwapo.

Madarasa ya Kiingereza yanajaa watu haraka. Kanisa lina programu ya kufundisha lugha hiyo, EnglishConnect, na Likasi watu wana sababu ya kujifunza, maana bidhaa nyingi hupitia Kasumbalesa kutoka Zambia na mfanyabiashara anayejua kujadili bei kwa Kiingereza anaona faida yake. Fundisheni kwa bidii. Lakini tangazeni wazi tangu siku ya kwanza kwamba somo linafunguliwa na kufungwa kwa sala, na kwamba hakuna anayelazimika kuhudhuria kanisa ili aendelee. Mtu asiyetaka ubatizo apate mwalimu mzuri sawasawa na anayeutaka.

Hapa nasisitiza kwa nguvu zangu zote. Huduma isiwe chambo. Katika mji ambapo umeme unakatika bila taarifa na wanawake wanapanga foleni na madumu bombani, mtu mwenye shati jeupe na simu nzuri anaonekana kama mlango wa msaada, wa safari, wa Marekani. Usikubali kuonekana hivyo hata kwa dakika moja. Usimpe mtu fedha. Usimwahidi kazi, masomo wala visa. Mwenye shida mfikishe kwa askofu wa kata, anayejua historia ya familia na namna ya kusaidia bila kumfanya mtu ombaomba. Wewe saidia kwa mikono yako: fyatua tofali, palilia shamba la mjane, beba maji. Luputa, mji ulio kaskazini-magharibi kwetu kwenye njia ya reli, ulipata maji safi miaka ya 2010 kwa mradi uliogharamiwa na Kanisa, bomba refu, na wakazi wa dini zote walichimba mtaro kwa majembe yao. Maji yale hayamuulizi mtu amebatizwa wapi. Hivyo ndivyo inavyopasa.

Watoto wasifundishwe bila idhini ya wazazi, hata wakikufuata barabara nzima wakiimba. Wachimbaji wa mkono msiwafuate mashimoni. Mashimo huporomoka, na ni mahali pa madini, fedha na silaha; mgodi wa Shinkolobwe, ulio karibu na mji na uliotoa urani ya bomu la Hiroshima, ulifungwa kwa amri ya rais mwaka 2004, na mwaka huo huo watu walifia humo kwa kuporomokewa. Wasubirini wachimbaji nyumbani kwao, jioni wakishaoga. Ni vijana wa umri wenu, wamechoka, na wengi wana maswali makubwa juu ya kifo kwa kuwa wanakaa nacho kila siku.

Mtaulizwa maswali magumu, na simu imewapa watu wote maktaba. Kijana wa chuo atakuambia amesoma kwamba kanisa lako liliwanyima watu weusi ukuhani. Usiseme ni uongo, kwa sababu si uongo. Wanaume weusi hawakupewa ukuhani hadi Juni 1978, na ndiyo maana historia yetu Kongo ni fupi: Kanisa lilitambuliwa kisheria mwaka 1986, misheni ya kwanza ikafunguliwa Kinshasa mwaka uliofuata, na misheni ya Lubumbashi ikaja mwaka 2010. Mwaka 2013 Kanisa lilichapisha maelezo yanayokataa nadharia zote za zamani zilizodai kwamba ngozi nyeusi ni laana. Mwambie hivyo, na umwambie pia moyo wako unasemaje juu yake, hata kama moyo wako bado unaumia. Wangu unaumia, na imani yangu iko pale pale. Leo Mkongomani Thierry K. Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, ni miongoni mwa viongozi wakuu wa Kanisa tangu mwaka 2020, na Alfred Kyungu tangu 2021. Mtu mwenye akili atakuheshimu kwa ukweli wako kuliko kwa utetezi wako.

Mwingine atasema hekalu ni nyumba ya siri, kama za Farimasoni. Mjibu kwa jambo lililotendeka: hekalu la Kinshasa, kabla ya kuwekwa wakfu Aprili 14, 2019, lilifunguliwa kwa umma, watu wa kila dini wakatembea ndani vyumba kwa vyumba. La Lubumbashi lilitangazwa Aprili 2020 na ujenzi wake ukaanza kwa ibada ya Agosti 2022. Kisha mweleze unachokwenda kufanya humo na kwa nini unakiona kitakatifu. Ubishi uachie hapo. Mkishindana kwa mistari ya Biblia mbele ya jirani zake, hata ukishinda umempoteza.

Kuhusu simu sina mengi. Bando ni ghali na betri hazidumu, kwa hiyo msitume video nzito. Ujumbe wa sauti wa dakika moja kwa WhatsApp, kwa Kiswahili, ukimtaja mtu kwa jina na kumkumbusha alichosema mlipokutana, unasikilizwa na familia nzima. Ule uliotumwa kwa watu mia kwa pamoja hufutwa.

Naomba pia kila jozi ya wamisionari iache daftari. Mmisionari anakaa Likasi miezi michache, kisha anahamishwa, na mzee wa Panda analazimika kuanza upya kumweleza kijana mwingine habari za Shituru. Andikeni, kwa ruhusa yake, nani ni mtoto wake mkubwa, nani amefiwa, nani hapendi kutembelewa Jumamosi, wimbo gani mama fulani anaupenda. Anayekuja baadaye aanze na swali la pili, si la kwanza.

Na ninyi waumini wa Likasi, maaskofu wa kata, akina mama wa Muungano wa Usaidizi, vijana wa kwaya: watoto hawa wametumwa kwenu na mama zao wanalala wakiwaombea. Msiwaachie kazi peke yao na kuwahesabu Jumapili. Wapelekeni kwa jirani yenu mnayemfahamu, kaeni nao pale sebuleni, wasahihisheni Kiswahili chao njiani mkirudi, na juma hili hili mteue familia moja mtakayoitembelea pamoja nao.